Maswali ya Wasomaji: Ugonjwa wa Shayiri Umeingilia Mlango Gani?

Barua za msimu huu karibu zote zinauliza jambo moja: "Nipige dawa gani?" Sisi tutaanza na swali jingine, kwa sababu ndilo linalochagua dawa: ugonjwa umeingia shambani kwa mlango gani? Magonjwa makubwa ya shayiri yana milango minne tu, yaani mbegu, mabua ya msimu uliopita, upepo na wadudu. Dawa inayofunga mlango mmoja mara nyingi haigusi mwingine. Tumefupisha barua na kuondoa majina ya waandishi.

Hamjambo wahariri. Nina ekari 12 za shayiri huku Mau Narok, mwaka wa tatu mfululizo shamba lile lile. Majani ya chini yalianza kutoka madoa ya kahawia yenye mistari kama wavu, na sasa yamepanda mpaka juu. Nilipiga dawa ninayotumia kwenye ngano, wakati ule ule ninaopiga ngano, jani la mwisho lilipotoka. Niliweka vifuniko viwili kwa kila pampu ya lita 20. Ngano ya jirani ni safi, shayiri yangu haikusikia dawa. Niliuziwa dawa feki?
Mkulima, Mau Narok

Mzee, dawa feki zipo, lakini kabla hujamwendea mwenye duka tuliangalie jani lenyewe. Madoa ya wavu ni michirizi myembamba ya kahawia iliyokolea inayofuata urefu wa jani, ikikatwa na mingine mifupi ya kukingama, na jani hugeuka njano kuzunguka hapo. Ukungu huo huo una umbo la pili lisilofuma wavu: hutoa madoa ya mviringo au ya umbo la yai, kahawia, yenye ukingo wa njano. Jina lake la kitaalamu ni Pyrenophora teres, na dawa za maumbo yote mawili hazitofautiani.

Usiuchanganye na ugonjwa wa kubabuka majani, ambao nao unapenda baridi ya Mau. Huo huanza kama doa la kijivu lenye majimaji, utadhani jani limedondokewa na maji ya moto. Baadaye katikati hukauka na kuwa peupe, ukingo ukabaki kahawia nzito. Mara nyingi hukaa pale jani linaposhikana na shina, na kutoka hapo linaweza kuua jani zima. Maelezo yako yanaelekea kwenye wavu.

Sasa mlango. Ukungu huu unaweza kuja na mbegu, lakini kwako umeingia kwa mabua. Unapopanda shayiri juu ya shayiri mwaka wa tatu, kila mche unachipua katikati ya mabua yenye ugonjwa. Mvua ikianza, vijimbegu vya ukungu huruka kutoka kwenye mabua hayo hadi majani ya kwanza. Majani yakilala yamelowa usiku kucha, na joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25, madoa huanza, na baada ya wiki mbili au tatu madoa hayo nayo huzaa vijimbegu vingine. Ngano ya jirani haikuokolewa na dawa. Ukungu huu ni wa shayiri na haunawiri kwenye ngano, kwa hiyo dawa yake haikupambana na kitu hapo.

Jambo la pili ni wakati, na hapa wakulima wengi wanaolima nafaka zote mbili hujikwaa. Ngano hutegemea sana jani la mwisho kujaza punje zake, ndiyo maana watu hulisubiri. Jani la mwisho la shayiri ni dogo. Mavuno ya shayiri huamuliwa mapema zaidi, na idadi ya machipukizi yatakayobaki hai mpaka kuzaa suke. Ugonjwa ukila majani ya chini wakati mche unaanza kurefuka, machipukizi dhaifu hufa, na shayiri ya bia yenye mistari miwili ya punje haina namna ya kufidia masuke iliyoyapoteza. Ulipopiga dawa, hasara ilikuwa imeshaingia.

Kwa hiyo msimu ujao usihesabu siku. Shayiri iliyo mita 2,800 juu ya usawa wa bahari haiendi mwendo mmoja na ya mita 1,900. Pasua shina. Ng'oa miche kumi sehemu mbalimbali za shamba, chukua chipukizi kuu la kila mche, ulipasue kwa wembe kutoka chini. Ukiona kisuke kichanga kimeinuka sentimita moja kutoka kitako cha mche, urefukaji umeanza. Ukiona fundo la kwanza limeinuka na kuacha uwazi wa sentimita moja au zaidi chini yake, usichelewe tena. Kwenye lebo nyingi hizi ni hatua za 30 na 31, na ndipo dawa ya kwanza huingia ikiwa madoa yanaonekana na mvua inaendelea. Ya pili hufuata kati ya hatua ya 39 na ya 49, yaani kuanzia jani la mwisho kufunguka hadi ndevu kuanza kuchungulia. Mvua ikikatika na majani matatu ya juu ni safi, ya pili unaweza kuiacha na kubaki na pesa yako.

Jambo la tatu ni vifuniko viwili. Kifuniko ni cha kufunikia chupa. Pima hivi: weka kamba kuzunguka eneo la mita 10 kwa 10. Tia lita 10 za maji matupu kwenye pampu, pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa siku zote, halafu pima maji yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 2 na nusu. Ekari moja ina maeneo kama hayo 40 na ziada kidogo, kwa hiyo unatumia lita 100 kwa ekari, ambazo ni pampu 5. Ikiwa lebo inataka lita moja ya dawa kwa hektari, hiyo ni mililita 400 kwa ekari, au mililita 80 kwa kila pampu. Kama kifuniko chako ni cha mililita 20, viwili ni mililita 40: uliweka nusu ya kipimo. Nusu ya kipimo huua ukungu dhaifu na kuuacha ule sugu uendelee kuzaana.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba ekari 12 ni pampu 60. Hakuna mgongo unaotembea mwendo mmoja kwa pampu 60, na mwendo ukibadilika kipimo kimebadilika. Kwa eneo hilo tungekodi trekta yenye bumu, yaani bomba refu la kukingama lililopangwa nozeli. Nozeli zikiwa zimeachana sentimita 50, bumu likae sentimita 50 juu ya mimea, si juu ya udongo. Kabla ya kuanza, kinga maji ya kila nozeli kwenye chombo cha kupimia kwa dakika moja. Iliyozidi nozeli mpya kwa zaidi ya asilimia 10 imechakaa, ibadilishe.

Kuhusu dawa yenyewe, soma jina la kiini chake, yaani kemikali inayofanya kazi, usisome jina la biashara peke yake. Tebukonazoli, propikonazoli na prothiokonazoli ni za ukoo mmoja, triazoli. Azoksistrobini ni ya ukoo mwingine, strobilurini. Chagua iliyochanganya koo mbili, au badilisha ukoo kati ya dawa ya kwanza na ya pili. Strobilurini usiipige peke yake: Ulaya kumepatikana madoa ya wavu yanayoistahimili, na Australia kuna mengine yasiyoisikia triazoli vizuri. Hakikisha pia dawa imesajiliwa kwa shayiri. Kama una mkataba na kiwanda cha bia, omba orodha ya dawa wanazokubali kabla ya kununua.

Kwa sasa, ikiwa masuke yameshatoka yote, acha. Dawa haitarudisha majani yaliyokufa, na utaanza kugombana na idadi ya siku ambazo lebo inataka zipite kabla ya kuvuna. Ukishavuna, fukia mabua kwa plau au walishe ng'ombe, kisha shamba hilo lipumzike shayiri kwa misimu isiyopungua miwili. Viazi, njegere, maharage na kanola zote zinafaa. Hata ngano inafaa kwa ugonjwa huu, ingawa utaona hapo chini kuna ugonjwa mwingine inaoukaribisha.

Habari za kazi. Mimi ni mama mkulima, Monduli. Shayiri ilipotoa masuke, mengine yalitoka meusi tii, hayana punje, unga mweusi mtupu. Sasa unga umepeperuka, yamebaki makapi na uti katikati. Mbegu ni ya kwangu, ya msimu uliopita, na ilikuwa nzuri, punje nene. Nipulizie nini ili isiambukize masuke mazima?
Mkulima, Monduli

Pole mama. Hiyo ni fugwe ya wazi, na hakuna cha kupulizia. Uliipanda mwenyewe bila kujua.

Safari yake ni ya mwaka mzima. Msimu uliopita, shayiri yako ilipokuwa ikichanua, unga mweusi kutoka suke bovu uliingia kwenye ua la suke zima. Ukungu ukaingia ndani ya punje, ukajilaza kwenye kiini, pale mche unapoanzia. Punje hiyo hukua, hunenepa, hung'aa, na jicho haliwezi kuitambua. Ukiipanda, ukungu hupanda pamoja na mche, na suke linapoumbwa hula mahali pa punje. Masuke yako mazima ya sasa tayari yamepokea unga wakati wa kuchanua. Nafaka yake unaweza kuiuza, lakini usiitoe mbegu, na usimgawie jirani.

Ukungu kukaa ndani ya kiini kuna maana mbili. Kwanza, dawa za unga zinazokaa juu ya ganda la mbegu haziufikii. Unahitaji dawa ya mbegu inayopenya, yenye karboksini au mojawapo ya triazoli, na lebo iitaje fugwe ya shayiri. Pili, ukungu huu haudumu kwenye udongo, kwa hiyo kuhama shamba si lazima. Badilisha mbegu.

Kuchanganya dawa kunataka uangalifu. Kama lebo inasema mililita 200 kwa kilo 100, basi kilo 40, ambazo wengi hutumia kwa ekari, zinataka mililita 80. Ongeza maji hadi mchanganyiko ufike kama mililita 400, isipokuwa lebo iseme vingine. Mimina mbegu kwenye pipa lenye mfuniko, tia mchanganyiko kidogo kidogo huku ukilizungusha, mpaka kila punje ipate rangi. Punje zisizo na rangi ndizo zitakazokuletea masuke meusi. Vaa glavu, kausha kivulini, upande msimu huo huo. Mbegu iliyotiwa dawa hailiwi na mtu, kuku wala mbuzi, hata ikioshwa.

Ikiwa una aina unayoipenda na huwezi kuipata dukani, kuna njia ya zamani ya maji moto kwa kiasi kidogo, tuseme kilo 5. Loweka mbegu kwenye maji baridi saa 5. Izamishe kwenye maji ya nyuzi 49 kwa dakika moja, kisha kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika 11, halafu maji baridi mara moja na kuianika. Bila kipimajoto usijaribu. Nyuzi mbili zikizidi kiini cha punje hufa, zikipungua ukungu hubaki hai. Baada ya hapo ziweke punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu zilizoota siku ya saba. Zikiota 85 badala ya 95, ongeza kilo: badala ya 40, panda kama 45.

Tofautisha na mambo mawili. Fugwe iliyofunikwa huacha unga wake ndani ya ngozi nyembamba mpaka kupura, ndipo unapasuka na kushika punje nyingine kwa nje. Hiyo ni nyepesi kuzuia, kwani dawa nyingi za mbegu huiweza. Na masuke yaliyokomaa yakanyeshewa huota weusi juu juu, lakini ukiyafikicha punje zimo. Hiyo si fugwe, ni dalili kwamba umechelewa kuvuna.

Shambani kwangu Timau ngano na shayiri zimepakana. Ngano ina kutu. Je, itahamia kwenye shayiri?
Mkulima, Timau

Inategemea kutu ipi. Pitisha kidole juu ya kipele: kutu zote huacha unga wa rangi kidoleni, madoa ya wavu hayaachi. Halafu angalia umbo.

Vipele vidogo vya duara vya rangi ya chungwa iliyoelekea kahawia, vilivyotawanyika juu ya jani, ni kutu ya majani. Hapo lala usingizi. Kutu ya majani ya ngano haiwezi shayiri, na ya shayiri haiwezi ngano, ni viumbe tofauti. Vipele vya njano vilivyojipanga kwa mistari ni kutu ya njano, na hiyo nayo kwa kawaida kila nafaka ina ya kwake. Lakini ukiona vipele virefu vyekundu kama matofali kwenye shina, kingo zake zimechanika kama gunia lililopasuka, hiyo ni kutu ya shina, nayo hupita kutoka ngano kwenda shayiri bila hodi.

Kutu hii ndiyo iliyoitangaza kanda yetu duniani. Aina yake iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikapewa jina mwaka 1999, na tangu mwaka 2005 ngano na shayiri za nchi nyingi huletwa Njoro, kwenye kituo cha KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, kupimwa dhidi yake. Shayiri nyingi zilizopimwa zimeshindwa. Jeni iitwayo Rpg1, iliyolinda shayiri ya Amerika Kaskazini kwa miongo mingi, haifui dafu mbele yake.

Kutu huja na upepo, na haiishi kwenye mabua makavu. Inahitaji mmea hai. Kwa hiyo kufukia mabua hakusaidii, ila kuua maotea, yaani ngano na shayiri zilizojiotea zenyewe, kati ya misimu kunasaidia sana. Kagua kila wiki kuanzia mche kurefuka: tembea kwa zigizaga, simama mara kumi, kila kituo kagua mashina kumi. Kipele cha kwanza cha kutu ya shina kikionekana kabla punje hazijafikia hatua ya maziwa, piga triazoli kwa kipimo kamili siku ile ile unayoweza. Punje zikishakuwa ngumu, dawa haina la kuokoa.

Kapchorwa huku, shayiri yangu imekuwa njano kwa viraka, miche imedumaa. Mwenye duka kaniuzia yurea, nimetia, hakuna kilichobadilika.
Mkulima, Kapchorwa

Ndugu, njano ina baba wengi. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini kabisa, na huenea shamba zima au kufuata mistari mbolea iliyoruka. Ungekuwa ndio, yurea ingeonekana baada ya mvua moja au mbili. Maji yaliyotuama hufuata mabonde ya shamba. Udongo wenye asidi, pH chini ya 5.5, huacha mizizi mifupi, minene, yenye ncha butu, na shayiri huuchukia kuliko ngano inavyouchukia. Ng'oa mche uone mizizi kabla ya kununua chochote.

Mizizi ikiwa mizima, na jani linaanza njano kali kwenye ncha likishuka na kingo, na viraka ni vya duara, geuza majani na ufunue kitako cha mche utafute vidukari. Tunashuku virusi vya kudumaza na kugeuza shayiri njano. Haviji na mbegu wala udongo, havipiti kwa jembe. Hubebwa na vidukari tu, kutoka kwenye majani pori, mahindi na maotea. Kidukari mwenye mabawa hutua, huambukiza mche mmoja, watoto wake hutembea kwa miguu kwenda jirani, na ndivyo kiraka kinavyotanuka.

Mche ulioambukizwa hauponi. Dawa ya ukungu haigusi virusi, wala mbolea. Kupiga dawa ya wadudu sasa kuna maana tu ikiwa miche bado midogo na vidukari wanaendelea kusambaa. Mche ukishaanza kurefuka, maambukizi mapya hayali mavuno sana. Msimu ujao safisha nyasi na maotea wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda, na utumie mbegu iliyotiwa dawa ya wadudu, kwa mfano imidaklopridi, ambayo hulinda wiki za mwanzo, zenye hatari kuliko zote. Jani likiwa limejikunja kama sigara na lina michirizi myeupe, hiyo ni kazi ya kidukari wa ngano wa Urusi. Tatizo lake ni mate yenye sumu, si virusi, na hujificha ndani ya mkunjo, hivyo anahitaji dawa inayosafiri ndani ya mmea.

Majani yana unga mweupe kama ngano iliyosagwa. Naweza kupaka majivu?
Mkulima, Karatu

Huo ni ubwiri unga. Majivu hayatautibu. Hupenda shayiri iliyopandwa kwa kubanana na kulishwa naitrojeni nyingi, tena hauhitaji jani lililolowa, unyevu wa hewa unautosha. Ukiwa kwenye majani ya chini na jua linawaka, uache. Ubwiri ukipanda majani ya juu mapema, mche unaporefuka, triazoli au salfa ya kupulizia inatosha. Punguza mbolea ya kukuzia msimu ujao. Kiwanda cha bia nacho hakipendi punje yenye protini nyingi.

Nilipanda shayiri baada ya mahindi, Moiben. Mvua ilinyesha masuke yakitoka. Sasa mnunuzi amekataa mzigo, anasema punje zina rangi ya waridi. Naweza kulisha nguruwe, au kuuzia wapika busaa?
Mkulima, Moiben

Kwanza hakikisha ni waridi gani. Kama mzigo ulipita kwenye kombaini, gunia au ghala lililokuwa na mbegu iliyotiwa dawa, rangi inaweza kuwa ya dawa. Hiyo hung'aa na hukaa juu ya ganda. Mzigo huo haulishwi mtu wala mnyama.

Ikiwa ni waridi iliyofifia, kama ya samoni, na punje zimesinyaa na kuwa nyepesi, ni ukungu wa Fusarium kwenye masuke. Mabua ya mahindi ndiyo nyumba yake kubwa, na ulipanda juu yake. Mvua ya wakati wa masuke kutoka ikafanya yaliyobaki. Kosa lake kuu halipo kwenye rangi. Ni sumu anayoiacha, deoksinivalenoli, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Kiwandani ukungu huu huleta pia bia inayofoka chupa ikifunguliwa, ndiyo maana wanunuzi ni wakali.

Nguruwe ndio wa mwisho kuwapa: ndio wanaoathirika upesi kuliko mifugo mingine, husita kula na hutapika. Ng'ombe wa nyama huistahimili zaidi, lakini usitoe bila kupima sampuli maabara. Busaa na uji, hapana kabisa.

Unaweza kujaribu kuokoa sehemu. Pepeta kwa feni kali, kwa sababu punje zenye sumu nyingi ni nyepesi. Kisha chota sampuli ndogo kutoka angalau magunia kumi tofauti, uzichanganye, ndipo upeleke kilo moja kupimwa. Gunia moja halisemi ukweli wa mzigo. Kausha yaliyobaki hadi unyevu wa asilimia 13 au chini, maana ukungu huendelea kufanya kazi gunia likiwa na joto.

Msimu ujao usipande shayiri mgongoni mwa mahindi. Ikibidi, fukia mabua vizuri, na mvua ikitabiriwa wakati wa masuke kutoka, piga tebukonazoli au prothiokonazoli masuke yakishatoka yote kwenye ala. Strobilurini wakati huo hapana, inaweza kuongeza sumu badala ya kuipunguza. Na kabla ya kupiga, pigia mnunuzi simu umwulize siku ngapi anataka zipite kati ya dawa na kombaini.